Jezi ya Kijani Kwenye Kioo Kipya

Kamati ya Maandalizi imenitaka niandike habari za mashine ya gemu iliyowashwa bwaloni Agosti 2023, siku ya mkutano wetu wa wanafunzi wa zamani. Waliokuwapo waliuliza maswali mengi ambayo sikuweza kuyajibu yote kwa kelele za siku ile, na wasiokuwapo wamesikia habari nusunusu. Nimekubali kwa sharti moja tu, kwamba niruhusiwe kuanza mbali. Mashine ile haieleweki mpaka mtu aeleze kwanza jinsi televisheni ilivyofika katika Nyanda zetu za Juu Kusini, na jinsi ilivyochelewa kufika. Vijana mlioko shuleni leo mnivumilie. Ninyi mmezaliwa mkaikuta picha imetundikwa ukutani.

Yafaa mjue kwamba kwa miaka zaidi ya thelathini baada ya Uhuru, Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, wakati ambapo nchi nyingi za Afrika zilikuwa bado na picha nyeusi na nyeupe. Zambia, jirani zetu wa Tunduma, walikuwa nayo tangu 1961. Huku Bara Serikali iliona kwamba televisheni ni anasa ya watu wa mjini, na kwamba redio yatosha kumfikia mkulima. Sitaki kuingia katika ubishi huo. Baba yangu alikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima, na aliutetea uamuzi ule kwa nguvu zake zote mpaka siku aliponunua televisheni yake mwenyewe.

Mlango ulianza kufunguka mwaka 1984, pale Serikali iliporuhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje. Pamoja na vitenge na vipuri vya magari zikaingia deki za video. Katika miaka hiyohiyo ya 1980 gridi ya Taifa ikafika Iringa na Mbeya, ikileta umeme wa Kidatu na baadaye wa Mtera, ulioanza 1988. Ndipo zikaanza kumbi za video, Miyomboni na Mlandege kule Iringa, Mwanjelwa kule Mbeya. Mtu alilipa mlangoni, akakaa kwenye benchi la mbao, akatazama filamu ya ngumi au ya Kihindi katika televisheni moja ya inchi ishirini na moja iliyowekwa juu ya kabati ili hata wa nyuma aione. Kwa hiyo sisi wa nyanda za juu tulijua televisheni kama chombo cha kuchomeka kitu kingine kabla hatujaijua kama chombo cha kupokea matangazo. Jambo hilo naliona la maana sana katika habari hii. Tundu la njano la nyuma ya televisheni tulilizoea kabla ya antena.

Mwaka 1994 ITV ilianza kurusha matangazo kutoka Dar es Salaam. Mwaka huohuo, tarehe 3 Desemba, kampuni ya Sony ya Japani ilianza kuuza mashine yake ya gemu, PlayStation. Vitu hivi viwili havikuwa na uhusiano wowote, lakini kwetu vilikuja vikiwa vimeshikana mikono. Matangazo yalipoanza kusambaa mikoani watu walinunua televisheni, na palipokuwa na televisheni pakawa na kijana mwenye akili ya biashara aliyeleta pleistesheni kutoka Kariakoo. Kibanda cha mabati, mashine mbili au tatu, pedi zilizofungwa gundi ya karatasi, na foleni ya watoto waliotumwa chumvi. Wazee wengi waliviona vibanda hivyo kama ugonjwa. Mwalimu wetu mmoja wa nidhamu alikuwa akipita Jumamosi na fimbo, akitukusanya mmojammoja kama mchungaji.

Sasa niingie katika habari ya shule.

Mwaka 2000 tulikuwa Kidato cha Tatu. Mwalimu wetu wa Fizikia, mtu mpole asiyependa kupiga, aliona kwamba fimbo ya mwenzake haituondoi vibandani. Akasema kama tunataka mashine hiyo tuilete shuleni, iwe mali ya Klabu ya Sayansi, ikae katika kabati la maabara, na iwashwe Jumamosi jioni tu, baada ya kazi za mikono. Sharti lake lilikuwa kwamba kila mmoja wetu aweze kueleza ubaoni picha inavyopatikana katika televisheni. Tulikubali upesi bila kujua ugumu wake. Likizo ya Juni wenzetu wa Mufindi walichuma chai, wa Njombe (wakati huo bado ndani ya Mkoa wa Iringa) wakauza viazi, na sisi wa Mbeya tukabeba mizigo Uyole na Mwanjelwa. Mashine tuliinunua Mwanjelwa, ikiwa imetumika, kwa mwenye kibanda aliyekuwa akihamia biashara ya mitumba. Alitupa pedi mbili, memori kadi moja na diski sita za kunakili ndani ya mfuko wa nailoni.

Diski moja ilikuwa ya mpira wa miguu, na ndiyo iliyotutawala. Ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani. Mashine yetu, kama nyingi zilizopitia Dubai na Kariakoo, ilikuwa ya mfumo wa PAL, na ndani yake fundi alikuwa amechomelea kidude kidogo cha kuifanya ikubali diski za nchi yoyote. Basi tulipoiwasha, alama ya kampuni ilikuja na rangi zake zote, nzuri kabisa. Kisha mpira ukaanza, na rangi zote zikatoweka. Uwanja wa kijivu, jezi za kijivu, mwamuzi wa kijivu. Tuligonga televisheni, tukabadili waya, tukaipindua mashine juu chini (jambo tulilolifanya hata hivyo, maana jicho la kusomea diski lilikuwa limechoka na hivyo ndivyo lilivyosoma vizuri zaidi). Rangi haikuja. Kwa mwaka mzima na nusu tulicheza mpira usio na rangi, na hatimaye tukazoea, kama mtu anavyozoea ugali usio na mboga.

Mchezo ule uliruhusu kubadili majina ya wachezaji. Tukaichagua timu ya Kameruni kwa sababu moja, kwamba jezi ya Kameruni ni ya kijani na jezi ya shule yetu ni ya kijani, ingawa hapo kiooni haikuwa ya kijani hata chembe. Mlinda mlango wetu wa timu ya shule ndiye aliyeketi na pedi Jumamosi mbili mfululizo, akaandika majina yetu herufi kwa herufi. Nafasi ya herufi ilikuwa chache, na jina langu lilikatwa mkia. Yeye mwenyewe, mtu aliyeteseka golini miaka minne akilaumiwa kwa kila bao, alijiweka mshambuliaji wa kati, na kaka mkuu akamweka golini. Majina kumi na sita. Akayahifadhi katika memori kadi, na Novemba 2001 tukafanya mtihani wa Kidato cha Nne tukatawanyika.

Mlinda mlango alifariki mwaka 2011. Katika wale kumi na sita, watano hawapo leo. Hatukuwa na picha ya timu ile. Siku ya kupigwa picha mvua ilinyesha na mpiga picha hakurudi. Majina yetu sote pamoja, kama timu, yalikuwa mahali pamoja tu duniani, ndani ya kipande cha plastiki kidogo kuliko kiberiti.

Mkutano wa 2023 ulipokaribia, mwalimu wa sasa wa Fizikia alinipigia simu. Walikuwa wanasafisha maabara. Televisheni ya chogo ya klabu ilikuwa imekufa, na fundi wa mjini alisema bomba lake la picha limekwisha na hakuna anayeleta jingine. Mashine ilikuwapo, kadi ilikuwapo, diski ilikuwapo ndani ya mfuko wake uleule. Je, vitupwe? Nilimwomba anisubiri.

Nilidhani kazi ni ndogo. Mashine inawaka, televisheni mpya ipo bwaloni, kilichobaki ni waya. Nilikosea, na kosa langu ndilo nataka wanafunzi walielewe, kwa sababu ndani yake mna fizikia nyingi kuliko tuliyoeleza ubaoni mwaka 2000.

Televisheni ya chogo huchora picha kwa mshale wa elektroni. Mshale huo hupita kutoka kushoto kwenda kulia, mstari chini ya mstari, na unapogonga kioo panang'aa. Katika mfumo wa PAL, ulioanza kurushwa Ulaya mwaka 1967 na ambao ndio tuliotumia hapa kwetu, picha kamili ina mistari 625, na mshale hupita kioo chote mara 50 kwa sekunde. Lakini kila mpito huchora nusu tu ya mistari. Mara ya kwanza mistari ya witiri, mara ya pili ya shufwa, na jicho linaziunganisha. Katika mfumo wa Marekani, NTSC, mistari ni 525 na mipito ni karibu 60 kwa sekunde. Diski ya Kimarekani katika mashine ya PAL iliifanya mashine iende kwa mwendo wa Kimarekani, na hilo televisheni yetu ya zamani ililivumilia. Isichoweza kuvumilia ni rangi. Katika ule waya wa njano, mwangaza na rangi husafiri pamoja katika njia moja, rangi ikiwa imepanda juu ya wimbi lenye mtetemo maalumu. Kwa NTSC televisheni hulitafuta wimbi hilo penye mitetemo karibu milioni 3.58 kwa sekunde. Mashine yetu, kwa kuwa saa yake ya ndani ilitengenezwa kwa ajili ya PAL, ililipeleka kwenye karibu milioni 3.55. Tofauti ni ndogo mno, lakini televisheni ilitafuta rangi pale ilipozoea, haikuiona, ikaamua kwamba picha haina rangi. Laiti mwalimu wetu angejua hilo mwaka 2000! Hakujua, nasi hatukujua, na hapakuwa na wa kumwuliza.

Hiyo ndiyo shida ya zamani. Shida mpya ni kwamba televisheni bapa haina mshale. Ina vidoa vilivyopangwa, safu 1080 kwenda chini, wala hakiongezeki wala hakipungui kimoja. Picha yoyote inayoingia sharti ikatwe upya ilingane na safu hizo. Na mashine za gemu za zamani zilikuwa na ujanja ambao televisheni mpya haikufundishwa. Badala ya kupeleka nusu ya witiri na nusu ya shufwa, zilipeleka picha nzima ya mistari 240 ileile mahali palepale kila mpito. Mshale haukujali. Televisheni mpya hujali. Ikipokea mistari ile hudhani ni nusu mbili za picha moja ya matangazo, ikaziunganisha, na mchezaji anayekimbia akatoka na kingo kama meno ya kitana. Juu ya hayo huichelewesha picha ili iisafishe.

Kwanza nilichomeka moja kwa moja. Televisheni ya bwalo haina matundu matatu ya njano, nyeupe na nyekundu. Ina tundu moja dogo kama la spika za masikioni, na sharti uwe na waya wake. Nilipoupata, picha ilikuja ya kijivu kama zamani, imevutwa upana mpaka wachezaji wakawa wanene, na inaruka. Pili nilinunua kiboksi cha bei ndogo cha kugeuza waya wa njano kuwa HDMI. Sitakitaja, na kwa kweli hakikuwa na jina la kutaja. Kivuli cha mpira kilipotea. Nilibonyeza kitufe cha kupiga, nikahesabu, ndipo mguu ukainuka. Picha moja ya mchezo huo hudumu sehemu moja ya sitini ya sekunde. Ukichelewa picha tano au sita, penalti huwezi kudaka. Nilimkumbuka mlinda mlango wetu, nikazima.

Hapo ndipo mwenzetu mmoja, anayeishi Uholanzi na ambaye alikuwa beki wa kushoto katika ile kadi, aliponiandikia kwamba kuna kifaa cha kazi hiyo hasa. Wenyewe wanakiita apskela, yaani kikuza picha. Mimi napenda kukiita mkalimani, na wanafunzi wanaokumbuka hadithi za wazazi wao wataelewa kwa nini. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na mwaka 2013 ikafuata zamu ya miji mingine, Mbeya ikiwamo. Kila nyumba yenye televisheni ya chogo ilinunua king'amuzi. King'amuzi kilipokea lugha mpya ya dijitali kikaitafsiri kwa televisheni ya zamani kupitia waya uleule wa njano. Apskela hufanya kazi hiyohiyo kinyumenyume. Chombo cha zamani kinasema, na cha kuambiwa ndicho kipya.

Kile alichokituma kinaitwa OSSC, na kilibuniwa na Mfini mmoja, Markus Hiienkari. Michoro yake na programu yake imewekwa wazi, mtu yeyote aisome na aitengeneze akiweza. Vipo vingine, kama vile RetroTINK vya Mike Chi wa Marekani, ambavyo baadhi yake vina kumbukumbu kubwa ndani na hupokea hata waya wa njano. OSSC haiupokei waya wa njano kabisa. Hilo, ndugu zangu, ndilo lililotuokoa.

Kwa nini? Kwa sababu ilitulazimu kutumia njia nyingine ya kutolea picha ambayo mashine yetu ilikuwa nayo nyuma tangu siku ya kwanza, na ambayo hatukuwahi kuitumia. Tundu la nyuma la pleistesheni hutoa pia nyekundu, kijani na buluu kila moja katika waya wake peke yake. Ulaya waliitumia sana kupitia plagi pana yenye meno 21 iitwayo SCART, iliyobuniwa na chama cha watengenezaji wa redio na televisheni wa Ufaransa. Televisheni tulizoletewa sisi, nyingi nilizoziona, hazikuwa na tundu hilo. Katika njia hiyo rangi haipandi juu ya wimbi lolote. Hakuna milioni 3.58 wala 3.55. Nyekundu ni nyekundu.

Nilipanda basi Dar es Salaam nikiwa na kifurushi magotini mpaka shuleni, siku mbili kabla ya mkutano. Wanafunzi wanne wa Kidato cha Tatu walinisaidia. Tulianza na kadi, kwa sababu kama kadi ingekuwa tupu yote mengine yangekuwa bure. Kadi ya pleistesheni ina kilobaiti 128, zimegawanywa vyumba 15 vya kuhifadhia, na haitegemei betri. Ndiyo sababu ilikuwa na matumaini baada ya miaka zaidi ya ishirini kabatini, tofauti na kaseti za mashine za kabla yake, nyingi zikihifadhi kwa betri ndogo inayokufa. Lakini ili kuiona kadi tulihitaji picha, na picha haikuja. Kioo cheusi. Tulichomoa, tukachomeka, tukageuza waya, tukapuliza vumbi. Saa mbili zikapita. Kijana mmoja mnyamavu akauliza kwa adabu, "Shikamoo baba, samahani, hiki kitufe cha AV kinachagua tundu gani?" Nilikuwa nimechagua tundu la tatu, na waya ulikuwa katika la kwanza. Nimelieleza hilo hapa kwa hiari yangu kabla mwingine hajalieleza.

Alama ya kampuni ikatokea. Tukafungua kadi. Vyumba vitatu vilikuwa na kitu, na kimojawapo kilikuwa na alama ya mpira.

Kazi ya OSSC ni rahisi kuisimulia. Hupokea mstari mmoja, ikaurudia mara mbili, tatu, nne au tano, ikautoa, ikapokea unaofuata. Haisubiri picha nzima ikamilike, kwa hiyo ucheleweshaji wake haufiki hata elfu moja ya sekunde. Mistari 240 mara mbili ni 480, mara tatu ni 720, na hizo televisheni karibu zote huzikubali. Mara nne ni 960, na mara tano ni 1200. Mwaona ugumu: 1080 ukigawa kwa 240 unapata nne na nusu. Hakuna namba kamili inayolingana. Ukizidisha mara nne unabaki na ukanda mweusi juu na chini, na ukizidisha mara tano unakatwa nyasi za pembeni. Televisheni ya bwalo ilikataa mara tano, ikaandika kwamba haitambui ishara. Mara nne ilikubali. Ukanda mweusi ukabaki, nami nikasema ubaki. Kila mchezo ulipobadili mwendo, kutoka 50 ya mashine kwenda 60 ya diski, kioo kilijizima sekunde mbili tatu kikarudi. Katika sekunde hizo wale vijana wanne walikuwa wananitazama mimi, si kioo.

Kikarudi. Uwanja ulikuwa wa kijani, mwamuzi alikuwa amevaa nyeusi, na jezi zilikuwa za kijani, kaptura nyekundu, soksi za njano. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na tisa, na timu hiyo nilikuwa nimeicheza mamia ya mara, na sikuwahi kuiona.

Siku ya mkutano tulikuwa tumepanga mashine iwashwe baada ya chakula, kama burudani. Haikuwa burudani mwanzoni. Nilifungua orodha ya timu, na majina kumi na sita yakakaa kiooni, meupe, yamekatwa mikia. Watu waliacha sahani. Kaka mkuu wa wakati ule, ambaye sasa ana mvi na cheo, alisoma majina kwa sauti kama paredi, na kwa wale watano alinyamaza kidogo kisha wengine wakaitika badala yao. Hakuna aliyepanga hilo.

Mtoto wa mlinda mlango yuko Kidato cha Pili hapahapa shuleni. Nilikuwa najua, lakini sikuwa nimemwambia lolote. Alisogea mbele akasimama karibu na kioo, akaliona jina la baba yake, akaona namba 9 na nafasi ya mshambuliaji. Akaniuliza, "Baba mdogo, si mlisema baba alikuwa kipa?" Nikamwambia ndiyo, alikuwa kipa. "Sasa hapa mbona anafunga mabao?" Bwalo zima likacheka, na ukimya ukavunjika. Nikampa pedi. Kaka mkuu akachukua pedi ya pili na kusema atacheza na timu yoyote ile ila si ile ambayo yeye ni kipa.

Yule kijana alishinda mbili kwa moja. Bao la pili lilifungwa na namba 9. Wapo wanaodai kwamba kaka mkuu aliachia makusudi. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma yake, na nasema hakuachia, alichomwa tu.

Kwa kumaliza niandike mambo ya utunzaji, maana Kamati imeniomba. Mashine, kadi, diski na apskela vimo katika kabati la maabara ya Fizikia, na ufunguo uko kwa mwalimu wa Klabu ya Sayansi. Wanafunzi wa klabu wameinakili kadi katika kadi ya pili, nayo nimekaa nayo mimi nyumbani Mbeya. Apskela inatumia umeme wa volti 5 tu, isichomekwe katika chaja ya kompyuta. Tundu ni AV1. Mwenye memori kadi za zamani nyumbani, hasa wa madarasa ya 1999 hadi 2006, na azilete mkutano ujao hata kama anadhani zimekufa. Tutazifungua mojamoja mbele ya mwenyewe. Na waya wa SCART una meno 21 dhaifu, kwa hiyo ushikwe kwenye plagi, usivutwe kwa uzi.